Jina Chini ya Ukurasa

Mwalimu Namkunda alifika ofisini saa tatu asubuhi, akiwa ameshuka mlimani kutoka Vudeleni kwa gari la kwanza, na chai hakuitaka. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mbili, mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, na alianza kueleza shida yake kabla hajakaa.

"Niliweka pingamizi la bwawa tarehe nne," alisema. "Jina langu halimo kwenye orodha. La jirani yangu halimo, la mchungaji halimo. Kijijini tuko watu zaidi ya mia nne tuliokataa kuhama. Orodha iliyobandikwa ofisi ya kata ina watu kumi na tisa."

Nakijwa Mbonea alimvutia kiti. "Shikamoo, Mwalimu. Labda kuna hatua ya mwisho ambayo hamkuimaliza."

"Marahaba. Nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na nane. Nilimaliza." Mwalimu alikaa, akaweka mkoba wake mapajani. "Ningeweza kwenda Mamlaka ya Mabonde moja kwa moja. Nimekuja kwako kwa sababu jina lililo chini ya ukurasa ni lako. Sisi kule tuliambiana, kama umeandikwa na binti Mbonea, tujaze bila wasiwasi."

Maneno hayo yalimfurahisha Nakijwa, na baadaye alikumbuka kwa aibu kwamba yalimfurahisha.

Tangu Sheria ya Jina ipitishwe, miaka kumi na miwili nyuma, ukurasa wowote wa mtandao ambao ungeweza kumnyang'anya mtu ardhi, matibabu au kura ulipaswa kuandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari, na binadamu mwenye leseni, na jina lake likae chini kabisa. Kurasa nyingine zote, za maduka na za harusi na za wauza magari, zilichorwa kwa Turubai. Kwenye Turubai hakuna mtu aliyeandika chochote. Ulivuta picha ukaiweka hapa, ukavuta maneno ukayaweka pale, kama mtu anayepanga viti sebuleni, na programu ikaandika msimbo wenyewe huko chini, maelfu ya mistari ambayo hakuna aliyeisoma. Mteja aliandika lengo lake kwenye kisanduku kimoja kidogo: niuze zaidi, wasiondoke haraka. Kuanzia hapo ukurasa ulijipanga wenyewe upya kwa kila msomaji, kufuatana na kasi ya macho yake na mahali kidole chake kiliposita, mpaka lengo litimie. Watu wawili waliokaa kiti kimoja hawakuona ukurasa mmoja.

Ukurasa wa mkono haukuwa na akili hiyo. Ulikaa vilevile kwa kila mtu. Katika wilaya nzima ya Same waliobaki na leseni ya kuuandika walikuwa watatu, na Nakijwa ndiye aliyekuwa ameanza kabla ya wenzake. Ukurasa wa pingamizi za bwawa la Vudeleni ulimchukua wiki kumi na moja.

Aliufungua kwenye kioo chake cha mkononi. Vitufe viwili vilikuwepo, vya ukubwa sawa, kama alivyoviacha: Weka Pingamizi, na chini yake Toa Maoni. Pingamizi lilikuwa na nguvu kisheria; kila moja lilipaswa kusikilizwa mbele ya hakimu kabla maji hayajaachiwa bondeni. Maoni yalikuwa maoni tu.

"Ulibonyeza hiki cha juu?"

Mwalimu Namkunda aliinama akaangalia. "Hicho sijawahi kukiona."

"Naomba kioo chako."

Kilikuwa kioo cha zamani, kimepasuka pembeni. Nakijwa alifungua ukurasa uleule. Kitufe kilikuwa kimoja tu, kikubwa, cha kijani: Sema Unachotaka. Alikibonyeza. Ukurasa ukamwomba aeleze kwa nini hataki kuhama, kwa maneno mazuri ya heshima, ukamshukuru kwa jina la Mwalimu, ukamwambia ujumbe wake umepokelewa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, ulikuwa umeuita ujumbe huo maoni.

Na chini ya hapo, jina la Nakijwa Mbonea.

Kwanza alidhani kioo ni kibovu. Alikiunganisha na mashine yake, akafunua msimbo uliokuwa nyuma ya ukurasa ule, akaanza kusoma. Alitarajia kukuta mambo ya kigeni. Badala yake alikutana na mwandiko wake mwenyewe. Kila mwandishi ana mazoea yake, na wakaguzi wa serikali huyatambua kama karani wa benki anavyotambua sahihi. Nakijwa alianza kila mstari wa ndani kwa nafasi tatu, wakati wenzake waliweka nne au mbili, na visanduku vyake alivipa majina ya mboga alizolima bibi yake: mnavu, mgagani, kisamvu. Yote yalikuwemo. Maelezo mafupi ya pembeni yalikuwa kwa lugha yake, na hata yale makosa madogo ya tahajia aliyokuwa akiyarudia yalikuwepo. Lakini katikati ya mnavu na mgagani palikuwa na mistari mia tatu ambayo hakuwahi kuiandika. Ilipima umri wa msomaji, ikapima kasi yake, ikaamua aone nini.

"Kuna nini?" Mwalimu Namkunda aliuliza.

"Sijui bado," Nakijwa alijibu. "Siku ya mwisho ya pingamizi ni lini?"

"Ijumaa. Leo ni Jumanne."

Alimwomba amwachie kile kioo kwa siku mbili. Mwalimu alikitoa, akamwandikia namba ya jirani yake kwenye kipande cha karatasi, akaenda zake kituoni.

*

Herieli Mgonja alikuwa uani, akifuta vumbi kwenye paneli za jua kwa kitambaa kikavu. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka mjini kwa siku ishirini na sita. Yeye na Nakijwa walianza kazi pamoja wakiwa na kompyuta moja kwenye stoo ya kanisa, na ni Herieli aliyekwenda Dodoma mara tisa kuipigania Sheria ya Jina wakati kila mtu akiwacheka wanaoandika kwa mkono. Mgawanyo wao ulikuwa rahisi. Nakijwa aliandika, Herieli alizungumza na wateja, akapeleka kurasa kwa wakaguzi, akazikabidhi.

Alipoona kioo kilichopasuka mkononi mwa mwenzake, aliendelea kufuta. Nakijwa alisimama pale mpaka kitambaa kikaacha kusogea.

"Umeuchora ukurasa wangu kwenye Turubai," alisema.

"Nimeuweka huko. Kuchora hakukuwa kwingi."

Alikuwa amejiandaa kumsikia akikana. Alikuwa hata na maswali ya kumbana nayo. Sasa hakujua ayapeleke wapi.

"Kioo changu kinanionyesha ule niliouandika mimi."

"Turubai inakujua. Kila ukifungua, inakuonyesha wa kwako." Herieli aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mwaka ule alikuwa amezeeka ghafla. "Niliipa kurasa zako zote, Nakijwa. Za miaka kumi na minane. Ilichukua siku moja kujifunza mkono wako. Wakaguzi wamesoma, hawakuona tofauti."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Zipi?"

Alizitaja. Ukurasa wa uandikishaji shule. Ukurasa wa hati za mashamba ya mkonge. Halafu akainamia kitambaa, na Nakijwa akaelewa kwamba kuna mwingine.

"Wa wakunga," alisema Herieli.

Ukurasa wa wakunga ndio uliompeleka jukwaani kupongezwa. Alikuwa ameandika nusu yake, akaugua wiki tano, na aliporudi Herieli akamwambia ameumalizia sehemu ndogo zilizobaki. Watu mia sita walisimama wakampigia makofi kwa jinsi ukurasa ule ulivyomwongoza mama mjamzito bila kumchosha. Picha ya siku ile ilikuwa ukutani, hatua kumi kutoka hapo walipokuwa. Ndani ya picha Herieli alikuwa amekaa mstari wa mbele, akipiga makofi kuliko wote.

"Uliniacha nipande pale."

"Ulistahili. Mkono ulikuwa wako."

"Mkono wangu ulikuwa kitandani, umechomwa dripu."

Herieli alifuta jasho kwa kitambaa kilekile cha vumbi. "Unaandika ukurasa mmoja kwa miezi mitatu. Watu wanataka kurasa arobaini kwa mwaka. Kama ningekuambia tutumie Turubai ungekataa, na tungefunga. Nikasema, acha aandike anavyopenda, mimi nitayabeba mengine. Kurasa zile tatu hazikumdhuru mtu. Zilikuwa nzuri, Nakijwa. Ulizisifu mwenyewe."

"Na huu wa Vudeleni?"

Hapo ndipo alipotazama chini.

"Lengo waliliandika watu wa Mamlaka. Mimi niliwaachia kisanduku wazi, kama mteja mwingine yeyote."

"Uliliona?"

"Niliona."

"Liliandikwa nini?"

"Pingamizi zisizidi ishirini."

Mtaani mtu alikuwa akikokota mkokoteni wa madumu matupu, na sauti yake iliwapita, ikaenda mbali. Herieli aliunyooshea kidole. "Sikia hiyo. Siku ya ishirini na sita. Hospitali wanaosha vyombo kwa maji ya kununua. Mji mzima huu, na mama yangu ndani yake, dhidi ya watu mia nne ambao watapewa nyumba mpya huko tambarare. Mia nne wakisikilizwa mmoja mmoja ni miaka sita. Nilipima nikaamua."

"Ulipima, ukaweka jina langu."

"Lingekuwa la nani? Lako ndilo wanaloliamini."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amechagua msumari fulani. Nakijwa aliegemea nguzo ya banda.

"Twende wote kwa msajili," alisema. "Ueleze ulichofanya."

"Sitaenda."

"Basi nitakwenda nikushitaki."

"Nenda. Watafungua uchunguzi, miezi minne. Ijumaa itapita na maji yatajaa." Alisimama, akaokota ndoo. "Njia nyingine inakutaka useme uliandika wewe. Na wewe hujawahi kuweka jina kwenye kitu usichokiandika. Kwa hilo nakufahamu."

*

Msajili wa kurasa za umma, Bi Hidaya, alikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya mahakama. Alikuwa amekagua kazi za Nakijwa tangu leseni yake ya kwanza. Siku iliyofuata asubuhi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno, kisha akafungua kitabu cha sheria, ingawa alikijua kwa moyo.

"Nikuambie yaliyomo, halafu uamue utakachoniambia," alisema. "Mpaka sasa sijasikia kitu, tumesalimiana tu. Ukisema ukurasa si wako, nafungua uchunguzi. Ukurasa unabaki hewani mpaka uchunguzi uishe."

"Miezi minne."

"Wakienda haraka. Ukisema ni wako lakini ulikosea, unarekebishwa leo hii. Lakini siku hazirudi. Walioandikishwa kwenye maoni wanabaki kwenye maoni, na wengine wana mpaka kesho kutwa."

"Hawatafika. Wengi wanaamini walishamaliza."

"Ndiyo." Bi Hidaya aligeuza ukurasa wa kitabu. "Ya tatu ni kauli ya mwandishi. Mwandishi anaapa kwamba aliandika yeye, kwa mkono wake, na kasoro aliiweka kwa makusudi. Hapo kila kitu kinafutika siku hiyohiyo. Siku thelathini zinaanza upya, kwa karatasi, mbele ya watu. Na kauli inasomwa hadharani kwa walioathirika, na mwandishi mwenyewe, kwa mdomo wake. Leseni inakufa. Jina linaingia kwenye daftari la waliodanganya umma, na halitoki."

"Na nikija baadaye nikasema ukweli?"

"Kauli inakufa, na hizo siku thelathini zinakufa nayo. Na vyote vilivyofanyika ndani yake."

Nakijwa alitazama mikono yake. Alikuwa amefundisha vijana kumi na wawili kazi ile, na somo la kwanza kwa wote lilikuwa moja: jina ni kiapo kwamba kila mstari umeupitia. Kwa ajili ya somo hilo alishawahi kukataa kutia jina kwenye ukurasa wa mjomba wake kwa sababu mistari minne iliandikwa na mtu mwingine. Mjomba alikufa hawajapatana. Herieli alikuwepo siku ile, na sasa alikuwa amejenga mpango wake wote juu ya jambo hilo, kama mtu anayejenga ukuta juu ya mwamba anaoujua.

Kilichomuuma zaidi kuliko yote ni kwamba njia zote zilizobaki zilimtaka amlinde Herieli. Akisema ukweli, Herieli anapata bwawa lake. Akiapa uongo, Herieli anatoka bila doa.

"Bi Hidaya," alisema, "wewe ungeona tofauti? Kwenye ule msimbo?"

"Niliukagua mimi mwenyewe. Niliona mnavu, niliona mgagani, nikagonga muhuri." Macho ya msajili yalikuwa mekundu. "Sikuulizi chochote, Nakijwa. Nikikuuliza, nitalazimika kuandika utakachonijibu."

Karani wa mahakama alibisha mlango akitafuta gundi, akapewa, akaondoka.

"Nipe fomu ya kauli," alisema Nakijwa.

Ilikuwa na mistari mitano. Aliijaza polepole, kwa kalamu, na alipofika kwenye neno makusudi aliacha kwa muda, kisha akaliandika.

*

Jumamosi walipanda Vudeleni kwa gari la mahakama. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa shule, wengi zaidi ya mia nne, maana walikuja na wale wa vitongoji vya juu. Mbele paliwekwa madawati mawili ya darasa la kwanza, mafupi, na juu yake bunda la fomu mpya za karatasi. Bi Hidaya aliwaeleza ukurasa umefutwa na siku thelathini zinaanza leo. Kisha akamwita mwandishi.

Nakijwa alisoma kauli yake. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Aliposoma kwamba aliwaficha kitufe kwa makusudi, mzee mmoja alitema mate chini, mama aliyebeba mtoto akageuka akampa mgongo. Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa ameomba moyoni wapige kelele.

Mwalimu Namkunda alikuwa mbele. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akasubiri mpaka msajili akamruhusu.

"Jumanne nilikaa ofisini kwako," alisema. "Nilikuuliza kuna nini. Ukaniambia hujui."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua?"

Bi Hidaya alikuwa amekaa pembeni na kalamu mkononi, na kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Nakijwa alimwona. Alimwona pia Mwalimu Namkunda, jinsi alivyosogeza shingo mbele kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho ya kujibu vizuri.

"Nilijua," alisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, taratibu. "Na kioo changu?"

Nakijwa alikitoa mfukoni, akamrudishia kwa mikono miwili. Mwalimu alikipokea kwa mmoja.

Watu walianza kujipanga. Fomu zilikuwa ndefu, makarani wa mahakama walikuwa wawili tu, na wazee wengi macho yao hayakuona tena herufi ndogo. Baada ya nusu saa foleni ilikuwa imefika kwenye jengo la vyoo na ilikuwa imesogea watu saba. Nakijwa alibaki amesimama kando ya gari, asijue kama aingie ndani au abaki. Dereva alikuwa amekwenda kutafuta kivuli. Hakuna aliyekuja upande wake.

Mwalimu Namkunda ndiye aliyekuja. Alikuwa ameshika kalamu ya wino.

"Kuandika unajua," alisema. "Kaa pale uwaandikie."

"Hawatakubali niwaandikie mimi, Mwalimu."

"Nitakuwepo."

Alimpeleka kwenye dawati la pili, fupi mno hata magoti yake yakagonga ubao. Mwalimu akasimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba Nakijwa alisikia pumzi yake. Mzee wa kwanza kuja mbele alikuwa yuleyule aliyetema mate. Aliketi, akamtazama, akamtazama Mwalimu, kisha akamtazama tena Nakijwa.

"Jina?" aliuliza Nakijwa.

"Kadeghe Mshana."

Aliandika. Nyuma yake kidole kikavu kilishuka juu ya bega lake, kikagusa karatasi chini ya jina, kikafuata herufi moja baada ya nyingine mpaka mwisho.

"Sababu ya pingamizi?"

Mzee alifikiri. "Andika sihami. Mke wangu na watoto wawili wamezikwa pale kando ya mto. Sihami."

Nakijwa aliandika kama alivyosema, neno kwa neno. Alitaka kugeuza fomu ili mzee atie dole gumba, lakini mkono wa Mwalimu ukaizuia.

"Msomee kwanza," alisema Mwalimu Namkunda. "Kwa sauti. Wote wasikie ulichoandika."

Nakijwa akamsomea.